Maji ya Kunde, Urefu wa Wastani

Enzi zetu, mtu akipotea Mpanda alikuwa maji ya kunde, urefu wa wastani. Sikumbuki kusikia amepotea mfupi. Tangazo lisomwe redioni, lisomwe kanisani baada ya misa, au litangazwe na yule jamaa wa kipaza sauti aliyekuwa anazunguka sokoni na baiskeli, lilikuwa lile lile: rangi yake maji ya kunde, urefu wa wastani, mara ya mwisho alionekana amevaa shati jeupe na suruali nyeusi, atakayemwona atoe taarifa kituo chochote cha polisi kilicho karibu naye. Tulikuwa tunatikisa vichwa kwa huruma, halafu tunaendelea na safari zetu, tukipishana njiani na watu wa maji ya kunde wenye urefu wa wastani. Binafsi sikuona kasoro yoyote katika jambo hilo mpaka nilipofika kidato cha nne.

Nazungumzia miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ndani ya mkoa wa Rukwa, na jina la Katavi likiwa la mbuga na viboko wake tu. Mji ulikuwa unaamka siku za treni. Siku nyingine ulijilalia, vumbi jekundu kiangazi na tope zito masika, harufu ya tumbaku ikitoka kwenye maghala na harufu ya samaki wa migebuka waliokaushwa ikitoka kwenye malori yaliyotoka ziwani. Sisi wa mtaa wa Makanyagio tulikuwa tunaenda shule kwa miguu, viatu mkononi, tunavivaa tukikaribia geti ili mwalimu wa zamu avikute visafi. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, na kikigongwa ulikisikia ukiwa bado nyumbani unakunywa uji, ukajua leo utadeki vyoo. Mchana tulikula ugali na maharage ambayo tulikuwa tunayapuliza kwanza, si kwa sababu ya moto, ila kusogeza wadudu upande wa pili wa sahani. Wanangu nikiwasimulia hilo wanasema "yaak", halafu wanarudi kwenye chipsi zao.

Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni na cha darasani. Nyumbani mmoja alisemeshwa Kibende, mwingine Kikonongo, mwingine Kifipa au Kisukuma, na wenzetu waliotoka kwenye makazi ya wakimbizi walikuwa na Kirundi chao. Kwa hiyo tukiambiwa tuandike insha, tuliazima maneno kwa waliotutangulia. Insha zilikuwa zinarithishwa kama sketi za shule. Dada yangu aliniachia mwanzo wake, nami nikamwachia mdogo wangu: "Ilikuwa siku ya Jumamosi asubuhi na mapema, jua lilikuwa limechomoza kwa madaha, ndege wakiimba nyimbo nzuri matawini, upepo mwanana kutoka baharini ukinipapasa mashavu." Upepo wa bahari, Mpanda! Kutoka kwetu mpaka baharini ni kulala kwenye treni, kuamka, na kulala tena. Lakini katika insha zetu ulivuma kila Jumamosi.

Tulipokuwa kidato cha tatu aliletwa mwalimu mpya wa Kiswahili, Mwalimu Sichalwe, Mfipa mwembamba mwenye sauti ndogo iliyotufanya tunyamaze ili tumsikie. Alitupa insha ya wasifu ya kwanza, "Mahali Ninapopapenda", akaikusanya, na alipoirudisha haikuwa na alama hata moja. Aliuliza tu.

"Nyie, nani kati yenu ameiona bahari?"

Mkono ulionyooka ulikuwa mmoja, wa Bakari, mtoto wa fundi wa reli, ambaye aliwahi kuishi Dar es Salaam kabla baba yake hajahamishiwa kwetu.

"Na wewe umeandika kuhusu nini?"

"Uwanja wa mpira, mwalimu."

Tulicheka sana, mwalimu hakucheka. Aligeuka ubaoni akaandika maneno yaliyopigwa marufuku kuanzia siku hiyo: nzuri, mbaya, sana, ya kupendeza, kwa madaha, mwanana. Akasema maneno hayo yamefanya kazi miaka mingi, yamechoka, tuyaache yapumzike. Darasa zima tukajiona tumevuliwa nguo, maana bila hayo hatukuwa na kitu cha kuandika.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya ajabu kwetu. Kuna siku alikuja na gunia la viazi vitamu akampa kila mtu kiazi kimoja. Kazi ilikuwa kukiandika kiazi chako, kwa maneno ambayo mwenzako atayasoma akakitambua kati ya viazi vyote. Kisha viazi vikachanganywa kwenye beseni, tukabadilishana karatasi. Ambaye kiazi chake kilitambuliwa alikila baada ya kuchemshwa jikoni kwa wapishi. Ambaye chake hakikutambuliwa alikaa akiangalia. Mimi nilikuwa nimeandika "kiazi changu ni kikubwa kiasi, kina rangi ya udongo", na nililala njaa kwa ajili ya sentensi hiyo. Mwezi uliofuata kila mmoja alikuwa anajua kwamba kiazi kina mkwaruzo wa jembe, kina tundu la mdudu lililoziba, kina mkia uliopinda kama kidole cha mtu aliyevunjika akapona vibaya. Walimu wengine walimsema kwamba anapoteza muda, mtihani wa taifa hauulizi viazi.

Katika darasa letu alikuwepo Gaudensia. Wazazi wake walikuwa kwenye makazi ya wakimbizi kule njia ya reli, yeye akiishi kwa shangazi yake Makanyagio, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa msichana wa maneno machache na mwandiko mkubwa. Mwaka tulioingia kidato cha nne, babu yake, ambaye yeye alimwita Sogokuru kwa Kirundi chao, alikuwa ameshaletwa mjini kutibiwa kifua. Kifua kilipata nafuu, ila ikaonekana akili ya mzee imeanza kumtoka kidogo kidogo, na daktari akataka awe karibu na hospitali. Shangazi alikuwa na genge lake sokoni, hakuweza kushinda naye. Wakakubaliana kwamba mchana mzee aende kumsubiri mjukuu wake getini kwa shule, warudi pamoja. Baba yake Gaudensia alileta salamu kutoka makazini: Sogokuru yuko mikononi mwako, kusoma kwako sasa kunategemea hilo.

Basi mzee akawa wa kwetu sote. Kila mchana alikuwa pale getini, kwenye kigoda, pembeni ya mama wa maandazi. Ukimwamkia "shikamoo" anaitika "marahaba". Ukimwambia "habari za mchana", "marahaba". Ukimwambia "mzee mvua inakuja", "marahaba". Mkuu wa shule mwenyewe alishaitikiwa marahaba hata kabla hajafungua mdomo. Tulimpenda kwa namna ile watoto wanavyopenda kitu cha kuchekea.

Na mchekeshaji tulikuwa naye. Bakari yule wa uwanja wa mpira alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Mwendo wa mkuu wa shule, mkono wa mpishi akipakua maharage, mwalimu wa hesabu akitafuta chaki iliyo mkononi mwake, vyote alivitoa hadharani mpaka tunashika mbavu. Mzee wa getini akaingia kwenye orodha yake, na ndiye aliyemletea sifa kuliko wote. Mapumziko yakifika, watu walikuwa wanamwomba: "Baka, tupe babu." Gaudensia hakuwahi kugombana naye. Alikuwa anaondoka tu, akaenda kukaa nyuma ya jiko. Siku moja tukirudi nyumbani aliniambia, "Sogokuru si mtu wa kuchezewa."

Mzee alipotea mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea. Shangazi alitoka asubuhi kwenda sokoni, Gaudensia yuko shule. Jirani aliyekuwa anapepeta mchele uani alimwona mzee akipita, kofia kichwani. Akamuuliza anaenda wapi, na siku hiyo mzee hakusema marahaba. Alisema, "Naenda nyumbani." Jirani akajua anaenda kule makazini kwa mwanawe, akamtakia safari njema.

Jioni hiyo baba mdogo wa Gaudensia, aliyeishi pale pale mjini, alikwenda stesheni, na stesheni masta akapiga simu ya reli kwenye vituo vyote vya njia ile. Hakuna mzee aliyeshuka. Barabara ya makazini ikapitwa kwa baiskeli mpaka mwisho wake, hakuna. Kesho yake wakaandika tangazo. Rangi yake maji ya kunde, urefu wa wastani, amevaa shati jeupe na suruali nyeusi. Likapelekwa polisi, likapelekwa kwa jamaa wa kipaza sauti, mji mzima ukasikia.

Mji ulifanya kazi yake, hilo lazima niseme. Kabla ya saa sita mgambo walikuwa wameshamleta mzee. Alikuwa mkulima wa Sibwesa aliyekuja mjini kufuatilia tumbaku yake, ambaye kosa lake lilikuwa kuvaa shati jeupe.

"Mimi sijapotea!" alikuwa anapiga kelele. "Niulizeni jina langu!"

"Wote waliopotea wanasema hivyo, mzee," mgambo mmoja akamjibu kwa upole, amemshika mkono.

Walipomwachia alikwenda zake, na jioni akaletwa tena na vijana wa stendi, ambao hawakuwa na habari za mgambo. Safari hii hakubishana. Aliuliza kama chakula kipo. Shangazi akampikia, na tulioshuhudia tulicheka, hata shangazi mwenyewe alicheka akiwa na machozi. Lakini giza lilipoanza kuingia mvua ikashuka ile ya kukata maneno, na kicheko kikaisha. Kila mtu alijua mito imejaa na pori letu lina wenyewe. Mzee mwenye kifua, asiye na kibali cha kutoka makazini mfukoni, ambaye ukimuuliza jina anakuitikia marahaba, angekutana na nani akasaidika?

Siku iliyofuata Gaudensia alikuja shule kuaga. Salamu zilikuwa zimefika kutoka kwa baba yake: mzee asipopatikana, arudi nyumbani, hakuna tena cha kusoma mjini. Alikuja katikati ya kipindi cha Kiswahili, ameshika nakala ya tangazo, akasimama mlangoni. Mwalimu Sichalwe akaichukua ile karatasi, akaisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti.

"Wavulana wa rangi ya maji ya kunde, simameni."

Wakasimama karibu wote.

"Warefu sana na wafupi sana, kaeni."

Wakakaa wachache.

"Nyie mliobaki na mashati yenu meupe, nendeni polisi. Mmepotea."

Mmoja alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake.

"Huyu mzee amekaa pale getini tangu mwaka jana," mwalimu akasema. "Mmempita kila siku. Niambieni mlichokiona. Sitaki mnachodhani, sitaki huruma. Mlichokiona."

Tukaangaliana. Halafu msichana wa mbele akasema kiatu cha kulia cha mzee hakina kamba, kimefungwa kwa katani. Mwingine akasema akitaka kuongea anakohoa kwanza, hata kama hana kikohozi. Mwingine akasema mama wa maandazi akimpa andazi analikata, anakula nusu, nusu anaitia mfuko wa shati kwa ajili ya Gaudensia, halafu anasahau, kwa hiyo mfuko ule una doa la mafuta lisilotoka. Mimi nilisema akikaa anawapa mgongo watu wote. Kigoda kiwekwe vyovyote, yeye atakigeuza mpaka aelekee jua linakozama. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni bila kugeuka.

"Anatembeaje?"

Darasa zima tuligeuza macho upande mmoja, na Bakari akainamisha kichwa juu ya dawati.

"Bakari."

"Mwalimu, ule ulikuwa utani tu."

"Najua. Njoo mbele."

Sijawahi kuona mtu anatoka kwenye dawati kwa uzito ule. Alisimama mbele yetu, Gaudensia akiwa bado mlangoni, hatua chache kutoka kwake. Kisha akaweka mikono nyuma, wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia, kichwa kikainamia upande kama mtu anayesikiliza kilicho nyuma ya mlango, akaanza kutembea kwa hatua fupi. Alikuwa mzee yule. Tulikuwa tumeiona picha hiyo mara nyingi kwa kicheko, na sasa hapakuwa na kicheko, mimi nikaogopa.

Paa la darasa letu lilikuwa linavuja, na karibu na ubao maji yalikuwa yametuama sakafuni. Bakari alipoyafikia akasimama. Akanyanyua mkono wa kulia, akavua kofia isiyokuwepo, akaibana kifuani. Akakaa hivyo, midomo ikichezacheza. Kisha akavuka maji, akairudisha kofia kichwani. Hicho kipande ndicho tulichokuwa tunakipenda kuliko vyote mapumzikoni. Wengi tulidhani Bakari amekitunga.

Gaudensia akaingia ndani. Tulijua anakwenda kumzaba kibao, na nadhani Bakari pia alijua hivyo, maana hakusogea.

"Mkono wa kushoto," Gaudensia akasema. "Kofia anaivua na mkono wa kushoto. Na akishavuka haivai kwanza. Anageuka nyuma, anaangalia, ndiyo anavaa."

Bakari akarudi mwanzo. Akatembea tena, akafika kwenye maji, akavua kwa mkono wa kushoto, akavuka, akageuka, akaangalia alikotoka kama mtu anayehakikisha watu wake wamevuka wote. Ndipo akavaa.

"Hivyo," Gaudensia akasema. "Hivyo hivyo." Akakaa kwenye dawati lililokuwa karibu akalia kwa sauti, na tuliokuwa naye tukalia, na Bakari akabaki amesimama mbele hajui aweke wapi mikono.

Baadaye sana shangazi alimweleza Gaudensia sababu. Walipokimbia kwao, mzee alivusha familia yake mto wa mpakani, na alipofika ng'ambo akageuka, akakuta waliovuka si wote. Hakuwahi kulisema jambo hilo, na watoto wake hawakuwahi kumuuliza. Gaudensia alikuwa ameiona ile kofia ikivuliwa tangu utoto wake akidhani ni adabu za wazee.

Siku ile lakini hakuna aliyejua hayo. Mwalimu aliuliza swali moja tu, kwamba mzee aliyesema anaenda nyumbani, nyumbani kwake ni wapi. Gaudensia akataja makazini. "Na kabla ya hapo?" Akasema ni ng'ambo ya mpaka, walikokimbia. Mwalimu akarudi ubaoni akagusa ile sentensi yangu ya kigoda na jua. Kule jua linakozama kwetu kuna barabara ya Mwese, inayopanda milimani, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ametafuta upande huo. Tuliandika nakala kipindi kizima na kipindi kilichofuata, mwalimu wa hesabu akasimama mlangoni, akaondoka. Nakala moja nimeikariri mpaka leo:

"Anatafutwa mzee. Mikono huiweka nyuma, wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Akifika penye maji, hata kidimbwi, husimama, huvua kofia kwa mkono wa kushoto na kuishika kifuani. Akishavuka hugeuka kuangalia nyuma kabla ya kuivaa. Kiatu cha kulia kimefungwa kwa katani. Mfuko wa shati una doa la mafuta. Salamu yoyote huiitikia marahaba. Akikaa huelekea machweo. Usimkimbize."

Baba mdogo wa Gaudensia alipoletewa aliisoma mara mbili. "Tangazo gani hili halina rangi ya mtu? Na suruali je?"

"Suruali anaweza kubadilisha," Mwalimu Sichalwe akamwambia, akazipeleka mwenyewe kwa madereva wa malori ya Mwese.

Sehemu inayofuata sikuwepo, naisimulia kama Gaudensia alivyotusimulia. Jumapili ile karatasi yetu ilisomwa na katekista kwenye kigango kimoja huko milimani. Watu walishangaa, wengine walicheka, walidhani ni fumbo. Siku chache baadaye mama mmoja Mbende, aliyekuwepo kigangoni Jumapili ile, alikuwa kijitoni analoweka mihogo, akamwona mzee anashuka njia ya mashamba, amelowa, mikono nyuma. Mama yule alisema hakuwaza lolote, wazee wengi hutembea hivyo. Ila mzee alipofika kwenye maji alisimama. Akavua kofia, kwa kushoto, akaiweka kifuani. Mama akaacha mihogo ikaelea. Akasubiri bila kusogea mpaka mzee alipovuka, akageuka, akaangalia kule alikotoka muda mrefu, akavaa kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Unatoka wapi?"

"Marahaba."

Mama akamshika mkono akampeleka nyumbani, akamwashia moto, akampa viazi. Ilijulikana baadaye kwamba mzee alikuwa analala kwenye vibanda vya kulindia mahindi, na wengi walimwona njiani, wakampa chakula na kumwacha apite, kwa sababu tangazo walilolisikia wao lilikuwa la mtu wa maji ya kunde.

Jumatatu nyingine Mwalimu Sichalwe aliingia darasani na chaki yake, sauti ndogo kama kawaida. "Insha yenu imerudi," akasema. "Iko wodi ya wanaume, inakunywa uji." Tulipiga madawati mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza nani amekufa. Bakari alikwenda hospitalini mchana huo, peke yake, akamwamkia mzee, akaitikiwa. Sidhani kama mzee aliwahi kujua chochote. Gaudensia alibaki shule, akamaliza na sisi, na leo anafundisha. Sogokuru aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akafia kitandani kwake huko makazini, wanawe wamemzunguka.

Siku hizi nina steshenari Makanyagio, mashine mbili na kompyuta moja, bodaboda zikinipigia honi mlangoni kutwa. Matangazo ya waliopotea naletewa nichape. Siku hizi hayana maneno kabisa. Ni picha, na chini yake "jamani tusambaze". Picha yenyewe imelainishwa usoni na simu mpaka mama mzazi angempita barabarani. Nikimuuliza kijana aliyeileta anatembeaje huyo ndugu yako, ananiangalia kama nimeuliza namba ya siri ya benki. Siwalaumu. Sisi hatukuwa na picha, tulikuwa na macho tu, na hata hayo alitufungua mtu aliyekuja na gunia la viazi. Wao wanapiga picha andazi kabla ya kulila, wakati wetu andazi lingekuwa limeshaliwa na kusahaulika.

Kazi ninayoipata zaidi ni wasifu wa marehemu, ule wa kusomwa msibani. Karibu wote ni mmoja: marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, ameacha pengo lisilozibika. Huwa nabadilisha majina. Juzi alikuja kijana mmoja amevaa vizuri, ametoka Dar kuja kumzika baba yake, ananionyesha maneno hayo hayo kwenye simu. Nilikuwa nimeshaanza kuchapa, sijui nini kikanisimamisha.

"Baba yako alikuwa anachekaje?"

"Alikuwa mcheshi sana, mama."

"Nimekuelewa. Alikuwa anachekaje?"

Akachukua simu, akaanza kutafuta. Baba kwenye mahafali, baba kwenye harusi, baba na gari, zote amekaza uso kama wazee wetu wanavyofanya mbele ya kamera. Akampigia dada yake, dada yake akasema alikuwa mcheshi. Akaendelea kuvuta picha juu na chini, juu na chini, wateja wawili wakaingia wakatoka. Mwisho akaiweka simu mezani kifudifudi. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukaziba mdomo, kiganja kimegeukia nje, mabega yakainuka na kutikisika bila sauti.

"Hivi," akasema nyuma ya mkono. "Alikuwa anaziba hivi. Alikuwa na jino moja limevunjika hapa mbele, anaona aibu."

Mkono aliusahau pale pale mdomoni. Niliona machozi yanapita juu ya vidole, nikamsogezea kiti, nikafuta "mcheshi" nikaanza kuandika.